BCTC au UK: wapi pa kuanzia kwa mwanafunzi wetu wa Lexington

Kila mwaka Krismasi ikishapita, simu za majirani huanza. "Binti amekubaliwa UK, lakini wenzake wote wanaenda BCTC. Tufanyeje?" Wiki hiyohiyo anapiga baba wa miaka arobaini na kitu, anafanya shifti ya usiku ghalani, ana diploma ya serikali ya Kongo aliyoipata akiwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, naye anauliza kuhusu vyuo hivyohivyo viwili. Majina ni yaleyale, lakini hali zao zimepishana sana, na jibu linalomfaa mmoja linaweza kumpotezea mwingine miaka mitatu.

Kwa wageni wa mji huu: UK hapa si Uingereza. Ni Chuo Kikuu cha Kentucky, University of Kentucky. BCTC ni Bluegrass Community and Technical College, chuo cha umma cha jamii, chenye kozi fupi, ufundi, na shahada ya miaka miwili ambayo wenyeji huiita asosieti. Lexington ina Waswahili wengi kuliko watu wa nje wanavyodhani. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi majumbani kwa watoto wa shule za hapa, baada ya Kiingereza na Kihispania. Ndiyo maana nayaandika haya kwa lugha yetu, wazazi wayasome wenyewe bila kumsubiri mtoto atafsiri.

Neno langu kubwa naliweka mbele kabisa. Watu hulinganisha vyuo kwa bei ya krediti moja, yaani kipimo cha masomo ambacho chuo hukitoza ada na kukihesabu kwenye shahada. Mimi nawaomba mlinganishe kwa krediti ambazo zitahesabiwa kule mnakoelekea. Krediti ya bei nafuu isiyohesabiwa ni hasara, na nimeona familia zikiilipia hasara hiyo mara mbili.

Vilikuwa nyumba moja

UK ilianza mwaka 1865, ikiwa chuo cha kilimo na ufundi kilichotokana na sheria ya ardhi ya serikali kuu ya 1862. Vyuo vya jamii ni wazo la baadaye. Cha kwanza cha umma, Joliet Junior College kule Illinois, kilifunguliwa 1901 na wanafunzi sita. Kentucky ilitunga sheria yake ya vyuo vya jamii 1962 na kuviweka chini ya mbawa za UK, na hapa Lexington chuo chetu kilianza 1965 kama taasisi ya ufundi. Mwaka 1997 jimbo likavitoa vyuo hivyo mikononi mwa UK na kuunda mfumo mmoja wenye vyuo 16, unaoitwa KCTCS. Cha Lexington peke yake kikabaki kwa UK mpaka 2004, kisha 2005 kikaunganishwa na chuo jirani cha ufundi, ikazaliwa BCTC.

Historia hiyo unaiona kwa macho. Kampasi ya Cooper ya BCTC iko jirani na uwanja wa mpira wa UK, na mwanafunzi anaweza kutoka huku akaenda kule kwa miguu. Kampasi ya Newtown imejengwa kwenye ardhi ya hospitali ya zamani ya magonjwa ya akili, Eastern State, iliyofunguliwa 1824. Ya Leestown ndiko kwenye ufundi mwingi. Kabla hujachagua kozi, uliza inafundishwa kampasi gani, maana asiye na gari anaweza kukaa kwenye basi muda mrefu kuliko darasani.

| | BCTC | UK |
|---|---|---|
| Ada ya krediti 30 kwa mwaka, mkazi wa Kentucky | chini ya dola 6,000 | zaidi ya dola 13,000 |
| Kuingia | mlango wazi, isipokuwa programu chache kama uuguzi | huchuja kwa alama |
| Unachotoka nacho | cheti, diploma, shahada ya miaka miwili | shahada ya kwanza hadi udaktari |
| Wanafunzi | kama 10,000 | zaidi ya 30,000 |
| Mabweni | hakuna | yapo, na ni ghali |

Ada hizo ni za mwaka wa masomo 2024-25, na hupanda kidogo karibu kila mwaka.

Pesa, mstari kwa mstari

Mwaka huo BCTC ilitoza chini ya dola 200 kwa krediti kwa mkazi wa jimbo. Si bei ya chini kuliko zote Marekani. California hutoza dola 46 kwa krediti, na wastani wa nchi nzima kwa vyuo vya jamii mwaka huo ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka. Hata hivyo, ukilinganisha na UK, ni chini ya nusu. Tuseme mtoto anasoma UK miaka yote minne: ada peke yake inapita dola 52,000. Akisoma miwili BCTC na miwili UK, inashuka mpaka kama 38,000. Zinabaki dola zaidi ya elfu kumi na nne mfukoni, bado hatujagusa malazi.

Malazi ndiyo yanayowaangusha wengi. Bweni na chakula UK vinaweza kulingana na ada yenyewe au kuizidi. Mtoto anayelala kwenu na kula ugali wenu amekwisha kuwaokolea fedha nyingi, awe anasoma BCTC au UK. Wazazi wengi hawajui kwamba unaweza kusoma UK ukalala nyumbani. Waulizeni UK wenyewe kabla ya kusaini mkataba wa bweni.

Sasa ruzuku. Pell ni fedha ya serikali kuu kwa familia zenye kipato kidogo, hairudishwi, na kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka. Piga hesabu: anayepata Pell kamili akisoma BCTC, ada yote inalipwa na zinabaki dola zaidi ya elfu moja za vitabu na nauli. UK, Pell hiyohiyo inafika kama nusu ya ada. Mwenye kadi ya kijani anastahili kuiomba kama raia. Kama makaratasi yako ni ya aina nyingine, usiamue kwa maneno ya baa wala ya kanisani. Nenda ofisi ya msaada wa fedha ukiwa na karatasi yako mkononi.

Maombi hufanywa kwa fomu ya FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Ijazeni mapema, maana ruzuku ya jimbo iitwayo CAP hutolewa kwa waliotangulia mpaka fedha iishe. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, hajaoa au hajaolewa wala hana mtoto, kwa kawaida atahitaji taarifa za kodi za wazazi hata kama anajilipia mwenyewe. Wazazi wetu husita hapo, wanaona ni kuanika siri za nyumba. Naelewa. Lakini bila taarifa hizo mtoto hapati Pell.

Niwaonyeshe barua moja niliyoisoma na mama wa yule binti aliyekubaliwa UK, mezani kwake jikoni, chai ikipoa. Barua ilitoka chuo kikuu, siyo BCTC. Juu iliandikwa jumla ya msaada kwa herufi nene, mama akasema, "Alhamdulillah, wamelipa karibu yote." Tukashuka mstari kwa mstari. Pell, sawa, ruzuku. Ruzuku ya jimbo, sawa. Halafu dola 3,500 na dola 2,000, na pembeni yake neno dogo, "loan". Ile 3,500 serikali inabeba riba mtoto akiwa shuleni. Ile 2,000 riba inaanza kutembea siku ileile. Zote mbili ni deni, na binti alikuwa na haki ya kuikataa moja au zote. Mama alichukua kalamu akazikata kwa mstari mwekundu, akaandika pembeni kiasi kilichobaki kulipwa. Fanyeni hivyohivyo kwa barua za vyuo vyote mlivyoomba, kisha ziwekeni sambamba. Linganisheni kilichobaki baada ya kukata mikopo, maana ile jumla ya juu imeichanganya mikopo na ruzuku.

Kuna pia KEES, fedha ya jimbo ambayo mtoto huichuma kwa alama zake tangu darasa la tisa. Mwenye wastani wa 4.0 huchuma dola 500 kwa kila mwaka wa sekondari, na kuna nyongeza kwa mtihani wa ACT, hivyo anaweza kufika dola 2,500 kwa kila mwaka wa chuo. Inatumika BCTC, inatumika UK. Mtoto wa darasa la tisa aambiwe leo.

Krediti zinazopotea njiani

Hapa ndipo nataka mzazi atulie na asome taratibu.

Nchi nzima, karibu wanafunzi wanne kati ya watano wanaoingia chuo cha jamii husema wanataka hatimaye shahada ya kwanza. Wanaofika chuo kikuu ni kama theluthi moja. Wanaopata shahada yenyewe ndani ya miaka sita ni kama 16 kwa kila 100. Nao si wavivu. Theluthi mbili ya wanafunzi wa vyuo vya jamii husoma nusu muda huku wakifanya kazi na kulea. Lakini sababu nyingine ni njia yenyewe. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Kentucky imejaribu kuziba tundu hilo. Sheria ya 2010 iliviagiza vyuo vya umma kulinganisha kozi za misingi ili zihame bila kupotea, na mwenye AA au AS, yaani asosieti ya sanaa au ya sayansi, huhesabiwa amemaliza masomo ya misingi. Angalieni herufi hizo. AA na AS zimetengenezwa kwa kuhama. AAS, yenye A moja zaidi, imetengenezwa kwa kwenda kazini, na kozi zake nyingi za ufundi hazina pa kukaa UK. Nimewaona vijana wawili waliomaliza miaka miwili wakiwa na AAS mkononi, wakidhani wako nusu ya safari. Hakuna aliyewadanganya. Hakuna aliyewaeleza pia.

Na hata ukiwa na AS, krediti inaweza kupokelewa ikaingia kwenye kapu la kozi za hiari, isihesabike kwenye fani yako. Uhandisi ni mfano mzuri: mnyororo wa hesabu na fizikia ni mrefu, na ukifika UK mwaka wa tatu bila kalkulasi ya pili, unaanzia nyuma. Muhula mmoja wa ziada UK ni kama dola 6,500 za ada. Karibu nusu ya akiba yote uliyoipata kwa kuanzia BCTC imeondoka. Pell nayo ina mwisho wake, mihula 12 maishani, basi.

Dawa yake ni siku moja tu ya kazi, tena mapema. Wiki ya kwanza BCTC, mwone mshauri wa masomo ukiwa umeshajua fani unayoitaka UK, na umwambie akuandikie kozi moja moja. Uliza kuhusu mpango wa Blue+, uliowekwa kwa ajili ya wanaohamia UK. Kisha nenda UK, ni jirani tu, muulize mshauri wa fani hiyo kama orodha ile ni sahihi. Washauri wawili, karatasi moja. Itunzeni kwenye bahasha moja na makaratasi ya uhamiaji.

Programu: mahali ambapo BCTC haina mpinzani

Kuna mambo UK haifundishi kabisa: uchomeleaji, umeme wa majumbani, viyoyozi na joto, matengenezo ya mashine za viwandani. Kwa hayo hakuna cha kulinganisha. Jimbo pia lina ufadhili wa Work Ready, unaoweza kulipia mpaka krediti 60 katika fani zinazohitaji watu: afya, viwanda, usafirishaji, ujenzi, na biashara pamoja na kompyuta. Asiye na shahada yoyote na aulize kwanza kuhusu huo kabla ya kugusa mkopo.

Njia ninayoipenda kuliko zote iko Georgetown, mwendo mfupi kaskazini mwa mji, kwenye kiwanda cha Toyota kinachotengeneza magari tangu 1988. Mwaka 2010 Toyota na BCTC walianzisha mafunzo ya mafundi wa viwanda, ambayo leo yameenea majimbo mengi kwa jina la FAME. Mwanafunzi huwa darasani siku mbili kwa wiki, na siku tatu yuko kiwandani akilipwa. Mihula mitano, anatoka na shahada ya miaka miwili na mikono iliyokwisha kuzoea kazi. Kuingia kuna ushindani, na wanaangalia sana hesabu. Kijana anayependa kufungua redio na kuifunga tena, huyu msimlazimishe kwenda kusoma biashara UK kwa sababu ya heshima ya jina.

Lexington ni mji wa farasi, kwa hiyo BCTC ina hata programu ya mbio za farasi, iliyoanzishwa 2006 na mpanda farasi maarufu Chris McCarron. Sijakutana na mtoto wetu aliyeisoma. Mazizi yamejaa huku pembeni, na waliokulia kwa wafugaji wangeweza kuitazama.

Uuguzi unahitaji maneno yake. Dada zetu wengi wanaanza na CNA, usaidizi wa wauguzi, mafunzo ya wiki chache. Ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini wengine wamekaa humo miaka kumi na migongo imeisha. BCTC inatoa shahada ya uuguzi ya miaka miwili, UK ya miaka minne, na wahitimu wa pande zote mbili hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN. Wote wakifaulu ni RN, muuguzi aliyesajiliwa. Tofauti huja baadaye: hospitali kubwa hupenda wa miaka minne, na kupanda cheo kunaihitaji. Ila aliyekwisha kuwa RN anaweza kumalizia shahada ya kwanza akiwa kazini, mara nyingi kwa mtandao. Kwa mama mwenye watoto, naona njia ya BCTC ni bora. Lakini ile habari ya mlango wazi haihusu uuguzi. Kuna foleni na kuna alama, na "miaka miwili" huanza kuhesabiwa ukishakubaliwa. Biolojia na anatomia zinatangulia, na alama zake ndizo zinazokuingiza.

Kiingereza, na walioacha bila kuaga

Mwenye Kiingereza kidogo asikimbilie kozi za kulipia za chuo ili ajifunzie humo. Kozi za maandalizi hula Pell bila kukusogeza kwenye shahada. Kuna masomo ya watu wazima ya Kiingereza na ya GED, cheti kinacholingana na cha sekondari, yasiyolipiwa chini ya mpango wa jimbo. Jenga lugha huko kwanza, kisha ingia chuo ukiwa na nguvu. Na mwenye cheti cha nyumbani, iwe diploma ya serikali ya Kongo, kidato cha sita cha Tanzania au KCSE ya Kenya, akitathminishe kwa shirika linalotambulika kama WES. Nimemwona mtu mwenye shahada nzima ya Bukavu akiandikishwa kama asiyewahi kusoma, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Jambo jingine linatuumiza sana. Shifti ikibadilika, mtu anaacha kwenda darasani, anadhani ameachana na chuo kwa amani. Chuo hakijui. Anaandikiwa sifuri, na akiwa ameondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya Pell inadaiwa irudi. Miaka mitatu baadaye anataka kuanza tena, anakuta deni na mlango umefungwa. Ukishindwa, nenda ofisini ujiondoe rasmi. Kujiondoa nako si bure, kwa sababu lazima umalize angalau theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha ili msaada uendelee. Hata hivyo ni bora mara mia kuliko kutoweka.

Wa tatu asiyealikwa

Kuna vyuo binafsi vya kibiashara vinavyokupigia simu vyenyewe, vinakwita kwa jina, vinakwambia utaanza Jumatatu. Mimi nilipofika nchi hii nilijiunga na kimoja. Nilisoma mihula miwili kwa mkopo, na nilipotaka kuhamia chuo cha umma hawakupokea krediti hata moja. Deni nililimaliza miaka mingi baadaye. Kampuni ya Corinthian ilifunga vyuo vyake 2015, na ITT ikafunga matawi zaidi ya 130 mwezi Septemba 2016, wanafunzi wakaachwa katikati ya masomo. BCTC na UK zote zina ithibati ya SACSCOC, chombo kimoja. Chuo chochote kikikupigia simu, uliza kwanza ithibati ni ya nani, kisha iulize UK kama inapokea krediti zake.

Nani aende wapi

Mtoto wa miaka 18 mwenye alama za juu na Kiingereza kizuri, aliyepewa na UK ufadhili wa mwaka wa kwanza, aende UK moja kwa moja. Ufadhili mkubwa wa vyuo vikuu hutengwa kwa wanaoanza, na akipitia BCTC kwanza anaweza kuuacha nyuma. Anayetaka uhandisi na hesabu zake ni nzuri, vilevile. Mwenye alama za kati, au asiyejua bado anataka nini, aanzie BCTC, lakini na ile karatasi ya washauri wawili. Mtu mzima mwenye kazi na familia, BCTC, na kwa fani inayolipa ndani ya miaka miwili.

Yule binti niliyeanza naye alikwenda UK, analala nyumbani, na ile mikopo miwili aliikataa. Yule baba wa ghalani alianza Kiingereza cha bure Januari. Agosti akajiandikisha krediti sita za umeme, Jumanne na Alhamisi jioni, akawahi kumwomba msimamizi wake ratiba kwa maandishi kabla muhula haujafunguliwa.